Solenoidi ya stata (mota ya kuwashia injini) kwenye lori kuukuu: pima kwanza, nunua baadaye

Lori likigoma kuwaka kwenye foleni ya feri pale Likoni, dereva, tanboi na hata mpita njia watakuambia neno moja: solenoidi. Inanunuliwa mpya, inafungwa, lori linawaka siku hiyo, na baada ya wiki chache ile sauti ya "tak" bila injini kuzunguka inarudi vilevile. Hapo solenoidi mpya inaitwa feki. Kumbe mara nyingi ubovu haukuwa ndani ya ile ya kwanza wala ya pili, bali kwenye umeme unaozifikia. Hapa kwetu Pwani hewa yenyewe ina chumvi. Inaingia chini ya nati, ndani ya ganda la waya na katikati ya ringi ya kebo na chuma cha chesisi, na kila mahali inapokaa inakula volti. Haya nawaandikia wenye Canter, Isuzu na Bedford za zamani ambazo bado zinabeba mchanga, mawe na mizigo ya bandarini, ili pesa ya solenoidi itoke pale tu inapostahili kutoka.

Solenoidi ni kile kikopo kilichobebwa mgongoni na stata. Ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuvuta plunja, kile chuma cha mviringo kilichoshikana na uma, ili uma usukume bendiksi, ile gia ndogo ya stata, mbele mpaka meno yake yaingie kwenye meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Ya pili ni kufunga njia ya umeme mkubwa: plunja ikifika mwisho inasukuma kisahani cha kopa, kisahani kinagusa vichwa vya boliti mbili nene, na mamia ya ampea yanaingia kwenye mota ya stata. Mpangilio ni huo makusudi, meno yaingie kwanza, mota izunguke baadaye.

Ndani ya kikopo kuna koili mbili, yaani nyaya zilizozungushwa, na ukizielewa hizi umeelewa nusu ya ubovu wote. Koili ya kuvuta ina nguvu nyingi. Inaanzia kwenye terminali ndogo ya ufunguo na kuishia kwenye boliti ya mota. Koili ya kushikilia ni dhaifu zaidi. Inaanzia hapo hapo kwenye terminali ya ufunguo lakini inaishia kwenye bodi, yaani athi, njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia chuma. Ukigeuza ufunguo zote mbili zinafanya kazi. Kisahani kikishagusa, koili ya kuvuta inakuwa na umeme sawa pande zake zote mbili, kwa hiyo inalala, na ile ya kushikilia peke yake ndiyo inayozuia plunja isirudi. Alama zake kwenye stata nyingi ni hizi: 30 ni boliti ya kebo kutoka betri, 50 ni waya mdogo wa ufunguo (nyingine zimeandikwa S au ST), na M au C ni boliti inayoingia kwenye mota.

Sasa sikiliza sauti kabla hujashika spana. Kimya kabisa, hata "tak" hakuna, maana yake ni kwamba umeme haufiki kwenye 50, au koili imekatika. "Tak" moja nzito halafu kimya: plunja imevuta, lakini umeme mkubwa haupiti, shuku kisahani kilichoungua, brashi za kaboni zilizokwisha, au kebo na athi mbovu. "Ta-ta-ta-ta" ya haraka kama cherehani ni volti chache, kwa hiyo anza na betri na vichwa vyake. Lakini kama betri ina afya na sauti ni hiyo hiyo, huenda koili ya kushikilia imekatika au stata haina athi: plunja inavutwa, inagusa, inaachiwa, inavutwa tena. Mota ikizunguka kwa mlio mwembamba bila injini kusogea, bendiksi inateleza au uma umevunjika, na solenoidi mpya haitasaidia kitu. Mlio wa chuma kusaga chuma ni meno ya bendiksi au ya flaiwili.

Kupima kunahitaji mita ya umeme ya bei ya kawaida tu na mtu wa pili wa kugeuza ufunguo. Gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yawekewe mawe. Kwa dizeli, kata mafuta kwanza ili injini izunguke bila kuwaka unapopima.

Anza na betri. Ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma karibu 12.6, ikisoma 12.2 iko nusu, na chini ya 12.0 usiipime stata, ichaji kwanza. Malori mengi ya Kijapani ni volti 24, yaani betri mbili zimefungwa mfululizo, na hapa kuna mtego ambao watu hawaufikirii. Ukipima mbili kwa pamoja unaweza kuona 24.2 ukaridhika, kumbe moja ina 12.7 na mwenzake 11.5. Chanzo mara nyingi ni redio, chaja ya simu au taa za volti 12 zilizochukuliwa kwenye betri moja tu. Hiyo moja inachoka kila siku, na mwenzake huchajiwa kupita kiasi. Pima kila betri peke yake, na ukikuta waya wa redio umechomekwa katikati, utoe ununue kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12.

Kisha pima wakati stata inapigwa, kwa sababu waya uliooza unaweza kuonyesha volti kamili pale ambapo hakuna mzigo. Hiki ndicho kipimo ninachokisisitiza kuliko vyote. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye kichwa cha risasi cha chanya cha betri (kichwa chenyewe, si kishikizo), nyingine kwenye boliti ya 30 ya solenoidi, halafu mwenzako apige stata. Mita inakuonyesha volti zinazopotea njiani. Nusu volti ni mwisho wa uvumilivu kwa mfumo wa 12; zaidi ya hapo, kebo au kishikizo kina ugonjwa. Hamisha ncha: moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha bodi ya stata. Hapa usikubali zaidi ya 0.3. Mwisho pima kati ya boliti ya 30 na boliti ya M wakati wa kupiga. Ikipotea zaidi ya 0.3 hapo katikati, basi kweli kisahani na vichwa vya boliti vimeungua, na sasa una haki ya kuilaumu solenoidi.

Halafu waya mdogo. Ncha moja ya mita kwenye chanya cha betri, nyingine kwenye terminali ya 50 ikiwa waya wake umechomekwa, piga stata. Ukiona volti 3 au 4 zinapotea kwenye lori la volti 12, umempata mwizi. Njia ya waya huo ni ndefu: betri, fyuzi, swichi ya ufunguo iliyochakaa, rilei (swichi inayofungwa kwa umeme) kama ipo, swichi ya klachi kama ipo, viungio vya plastiki, mpaka chini kwenye stata. Kila kiungio kilichoota kutu ya kijani kinakata kidogo. Solenoidi ikipata umeme pungufu inavuta polepole na kwa unyonge. Kisahani kinagusa boliti kwa juu juu, kinaruka, kinapiga cheche, kopa inayeyuka na kuacha vishimo. Ndiyo maana solenoidi mpya inaungua upesi juu ya waya wa zamani.

Ukitaka kuthibitisha kwa haraka, chukua waya mnene wenye swichi ya kubonyeza, unganisha boliti ya 30 na terminali ya 50, bonyeza. Stata ikipiga vizuri, solenoidi ni nzima na ubovu uko juu, upande wa ufunguo. Wengi hufanya hivi kwa bisibisi. Inafanya kazi, lakini lori lililoachwa kwenye gia litaruka likiwa na mtu chini yake, na hilo halina msamaha. Kuunganisha 30 na M kwa spana nene ni kipimo kingine: mota ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima. Cheche zake ni kali, spana inaweza kujilehemu pale pale, na mota isiyo na mzigo inakimbia mno, kwa hiyo iwe sekunde moja tu, vua saa na pete, na kusiwe na harufu ya mafuta wala gesi ya betri karibu.

Nikae kidogo kwenye athi, kwa sababu hapa Mombasa ndipo lori kuukuu linapokufia. Injini imekaa juu ya raba, kwa hiyo umeme wa stata hauna njia nzuri ya kurudi ila kupitia ule mkanda wa waya uliosukwa kati ya injini na chesisi. Utazame kwa karibu. Kwa nje unaonekana mzima, lakini ukiukunja unasikia nyuzi zinakatika kama vijiti vikavu, na unga wa kijani unamwagika kwenye kiganja. Fungua boliti yake, na chini ya ringi utakuta pete ya kutu ya kahawia yenye rangi ya chesisi bado imenasa pembeni. Hiyo rangi na kutu ndiyo ukuta. Piga msasa mpaka chuma kimeremete, ukubwa wa ringi yenyewe, funga kwa washa yenye meno, kaza, na baada ya kukaza paka grisi au vaselini kwa juu. Ukipaka kwanza kisha ukakaza kwa ulegevu, umeweka mafuta mahali pa mguso. Mkanda ukiwa umeoza usiufunge tena. Tengeneza mwingine kwa kebo nene isiyopungua ile inayotoka betri. Vichwa vya betri vyenye unga mweupe vioshe kwa kijiko cha magadi ndani ya kikombe cha maji ya moto, maji yasiingie kwenye seli, kisha suuza na ukaushe.

Kama baada ya yote haya kipimo kinasema solenoidi ni mbovu, ishushe. Toa kebo ya hasi ya betri kwanza, na kwa volti 24 ni ile hasi inayokwenda kwenye chesisi. Spana ikigusa bodi huku hasi iko wazi hakuna kitakachotokea. Ukianza na chanya, utaona moto. Kwa Canter na mfano wake inua kabini na uhakikishe ile nguzo ya kuishikilia imekaa na imefungwa kwa pini. Piga picha ya nyaya kwa simu. Nati ya boliti ya 30 mara nyingi ni namba 12, 13 au 14, na kwa kuwa imekaa mvuani na kwenye chumvi, inyunyizie mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia. Boliti ya kopa hukatika kirahisi: shika nati ya ndani kwa spana ya pili unapofungua ya nje, la sivyo boliti nzima itazunguka ndani ya kikopo na kukata waya wa koili. Boliti za stata yenyewe ni mbili au tatu, namba 14 au 17 kwa kawaida. Stata ya dizeli ni nzito, nyingine hufika kilo kumi na zaidi, kwa hiyo boliti ya mwisho itolewe ukiwa umeiegemeza juu ya kitu, si juu ya kifua chako.

Ukiwa mezani, fungua nati ya M na uchomoe waya wa mota, kisha skrubu au boliti zinazoishika solenoidi. Ivute nyuma kidogo na uiinue ili plunja ijivue kwenye uma. Tazama kwa makini kati ya solenoidi na kichwa cha stata. Kwenye stata nyingi za Kijapani kuna gasketi au bamba jembamba, moja au zaidi. Watu wanadhani ni za kuzuia vumbi tu wanazitupa. Hizo ndizo zinazoamua bendiksi itafika wapi. Kwa stata za Mitsubishi, nafasi kati ya ncha ya bendiksi na kizuizi chake inatakiwa kuwa milimita 0.5 hadi 2.0 wakati solenoidi imevuta. Ukiongeza gasketi, solenoidi inakaa nyuma zaidi, inavuta uma zaidi, bendiksi inasogea mbele na nafasi inapungua. Ukiondoa, nafasi inaongezeka na meno yanaingia nusunusu kwenye flaiwili. Flaiwili iliyoliwa meno ni kazi ya kushusha gia boksi, kwa hiyo karatasi hiyo ndogo ina thamani kubwa. Ihifadhi, au kata nyingine ya unene ule ule.

Kununua mpya si lazima kila mara. Kama koili ni nzima, na hilo unalijua kwa mita kuonyesha njia kati ya 50 na M, tena kati ya 50 na bodi, zote chini ya omu chache, basi fundi wa umeme wa magari anaweza kuifungua. Anayeyusha risasi kwenye ncha mbili za nyaya za koili kwenye kifuniko, anafungua kifuniko, na ndani utaona boliti zimelika upande mmoja, hasa ile ya betri. Boliti inageuzwa nusu mzunguko ili upande mzima ukutane na kisahani, na kisahani chenyewe kinapinduliwa. Tupa laini ya kusagia chuma ipite kidogo tu. Ukizidisha kusaga, kisahani hakitafika tena kwenye boliti. Vichwa viwili viwe kwenye usawa mmoja, maana kimoja kikiwa chini kisahani kitagusa upande mmoja na kuungua upya. Kwa stata za Denso zenye gia ndani, vipande vya kopa na plunja yake huuzwa kama seti, na mimi naona hiyo ni njia bora kuliko kununua kikopo kizima cha bei ya chini.

Ukinunua nzima, nenda na ya zamani mkononi. Linganisha volti kwanza: ya 12 kwenye lori la 24 itaungua koili, ya 24 kwenye lori la 12 haitavuta. Linganisha umbali wa matundu ya skrubu, urefu wa plunja ukiwa nje, umbo la ndoano yake, na mahali terminali ya 50 ilipokaa. Plunja ikitofautiana urefu kwa milimita mbili tu, hesabu ya gasketi imeharibika.

Kabla ya kuifunga, safisha plunja na tundu lake kwa kitambaa kikavu. Usitie grisi wala mafuta hapo. Vumbi la klachi na mchanga vitanata na plunja itaganda. Grisi nyembamba iende kwenye ncha ya uma na kwenye mistari ya ekseli ya bendiksi, basi. Funga, halafu jaribu stata ikiwa kwenye jiriwa. Waya wa mota ukiwa bado umechomolewa, weka chanya cha betri kwenye 50, hasi kwenye M na kwenye bodi: bendiksi iruke nje kwa kishindo. Toa hasi ya M peke yake: bendiksi ibaki nje, hiyo ni koili ya kushikilia inafanya kazi. Toa hasi ya bodi: irudi mara moja. Kila hatua isizidi sekunde chache kwa sababu koili hupata moto haraka. Ukiwa hapo hapo na bendiksi iko nje, isukume nyuma taratibu kwa kidole kuondoa ulegevu na pima ile nafasi kwa fila geji, yale mabamba membamba ya kupimia mwanya.

Wakati wa kurudisha, piga msasa uso wa stata na uso wa injini unaoipokea, maana hiyo nayo ni athi. Kebo ya 30 isiguse bodi wala bomba la ekzosi. Nati za kopa zikazwe imara lakini si kwa nguvu za boliti ya gurudumu. Hasi ya betri irudi mwisho.

Kwa lori ambalo swichi yake ya ufunguo imechoka, ninashauri rilei bila kusita. Rilei ya kawaida yenye miguu minne, ya ampea 40 au zaidi, na ya volti sawa na lori. Waya wa zamani wa 50 uende mguu wa 86, mguu wa 85 uende athi, mguu wa 30 upate waya wa milimita 4 za mraba kutoka chanya cha betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, na mguu wa 87 uende kwenye terminali ya 50 kwa waya wa unene huo huo. Ifunge juu, mbali na maji ya magurudumu, miguu ikitazama chini.

Na stata ikigoma kuacha kuzunguka baada ya ufunguo kurudi, usisubiri. Kimbilia betri, chomoa hasi. Vichwa vya kopa vimejilehemu, au plunja imekwama, au swichi ya ufunguo haijarudi, na mota itaendelea mpaka kebo ishike moto. Kuigonga kwa nyundo kunaweza kuiachisha, lakini zipo stata zenye sumaku za kudumu ndani, na sumaku hizo hupasuka kwa nyundo.

Lori likishawaka, zima, rudia vile vipimo vya kupoteza volti ukiwa na solenoidi mpya, na uviandike kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha betri pamoja na tarehe. Piga stata sekunde kumi kwa wingi, kisha ipumzike nusu dakika kabla ya kurudia. Kipimo cha waya mdogo kikiwa bado kinapoteza zaidi ya volti moja kwa mfumo wa 12, au mbili kwa wa 24, lori lisitoke gereji siku hiyo. Rudi kwenye waya.